Taya linalia "tak" na meno hayakutani sawasawa: nichonge au niache?

tabibu_wa_kata

Wakuu habari zenu. Naomba msaada wa kitaalamu.

Mgonjwa ni mwanamke wa miaka 26. Kiungo cha taya cha kulia kinalia "tak" akifungua mdomo, kisha kinalia tena kwa sauti ndogo akiwa karibu kufunga. Ni miezi minane sasa. Maumivu hana, ila mlio unamkera akila mbele za watu. Mdomo ukiwa wazi kabisa, kutoka ukingo wa jino la mbele la juu hadi la chini ni milimita 44. Mlio wa kufungua unatokea kwenye kama 24. Kidevu kinavutwa kulia kidogo, mlio ukishapita kinarudi katikati.

Mdomoni: gego la 46 (la kwanza kubwa, chini kulia) liling'olewa zamani, na la 47 lililo nyuma yake limelalia kwenye pengo. Nikimng'atisha karatasi ya rangi, alama nzito kuliko zote iko kwenye la 27 (gego la pili kubwa, juu kushoto), yaani upande wa pili kabisa. Kwingine ameambiwa mlio unatokana na meno kutokutana sawasawa, achongwe hilo la 27, kisha afungwe bresi. Anauliza kama alipie.

Mlio huu na mkutano wa meno vina uhusiano gani hasa? Kuchonga kunaondoa mlio? Na kama si kuchonga, nifanye nini hapa kituoni? Nina rula, karatasi ya rangi, stetoskopu, alijineti (unga wa kuchukulia chapa ya meno) na plasta ya kumimina. MRI (picha ya sumaku) hakuna.

chonge_33

Mkuu, hiyo 27 usiiguse kwanza. Tuanze na mlio wenyewe, maana taya halilii kwa namna moja.

Kichwa cha taya kimevaa diski ya gegedu mithili ya ngata: pembezoni nene, katikati nyembamba, na mzigo unakaa pale katikati. Diski imefungwa kwenye ncha mbili za kichwa cha taya, ya nje na ya ndani, kwa kano fupi. Kano hizo zikishalegea hazirudi kukaza zenyewe. Diski inateleza mbele, mara nyingi mbele na kwa ndani, kama ngata iliyoshukia kwenye paji la uso. Mdomo ukiwa umefungwa, kichwa cha taya kinakuwa kimekalia tishu za nyuma ya diski, zenye mishipa ya damu na neva. Akifungua, kichwa kinasonga mbele, kinakutana na ukingo mnene wa nyuma wa diski, kinauruka na kuingia katikati. Hiyo ndiyo tak ya kwanza. Akifunga, kinarudi nyuma hadi diski ichomoke tena. Hiyo ni ya pili, ndogo zaidi, na kwa kawaida inatokea meno yakiwa yamekaribiana kuliko ilivyokuwa kwenye ya kwanza. Mgonjwa wako anafuata mpangilio huo huo. Kidevu kinavutwa kulia kwa sababu upande wa kulia unachelewa kabla ya kuruka, ukisharuka pande mbili zinalingana tena. Mpaka hapo jino halijatajwa popote.

Thibitisha kwa jaribio la dakika moja. Weka ncha za vidole mbele ya vile vinyama vidogo vilivyo mbele ya matundu ya masikio, kama sentimita moja, pande zote mbili. Mwambie afungue na kufunga mara tatu, na usikie mtikisiko kwa vidole zaidi ya sauti kwa sikio, kwa sababu mfupa unasafirisha sauti: mlio wa kulia unaweza kusikika kushoto na ukakupoteza. Kisha mwambie asogeze taya la chini mbele mpaka meno ya mbele yakutane ukingo kwa ukingo. Kutoka hapo afungue na kufunga, akirudi hapo hapo ukingo kwa ukingo, asirudishe taya nyuma. Kama mlio umepotea kabisa, diski ndiyo inayoteleza na kurudi, kwa sababu ukiwa mbele hivyo kichwa cha taya tayari kiko chini ya diski, hakuna cha kuruka. Mwambie sasa arudishe taya nyuma, ang'ate kama kawaida, afungue: tak imerudi.

Kuna mlio mwingine unaofanana kwa asiyezoea. Ukitokea mwisho kabisa wa kufungua, mzito, mtu akipiga miayo, pengine taya likionekana kuruka kwa macho, hicho ni kichwa cha taya kinachopita kilele cha kinundu cha mfupa kilicho mbele yake. Huyo mfundishe asipanue sana, basi. Wa tatu hauna tak, unakwaruza kama mtu anayekanyaga changarawe, kufungua na kufunga: huo ni wa nyuso za mfupa zilizolika, na eksirei au CT inaweza kuonyesha.

Maumivu usimuulize tu, bonyeza. Kwenye ncha ya nje ya kichwa cha taya nguvu ya nusu kilo inatosha, kwenye msuli wa shavu na wa panjani kilo moja. Jizoeze kwenye mizani ya jikoni mpaka kidole kikumbuke. Ukibonyeza kama mtu anayekanda unga, kila mtu ataumwa.

Kama hana maumivu, anafungua zaidi ya milimita 40 na taya halikwami, kinachohitajika ni kumweleza, siyo kumtibu. Ufini walifuatilia vijana tangu miaka 14 hadi 23, na milio ilikuja na kutoweka bila mpangilio wa kutabirika. Ukimchonga leo na mlio ukapungua mwakani, utaamini ni mashine yako iliyofanya kazi.

magego_kumi_na_mbili

Naongezea upande wa mkutano wa meno, maana hapo ndipo pesa za wagonjwa zinapoliwa.

Wazo hili ni la zamani. Mwaka 1934 daktari wa masikio na koo wa St. Louis, Marekani, James Costen, aliandika kwamba wagonjwa waliopoteza magego, taya likawa linafunga kupita kiasi, walikuwa na matatizo ya sikio na ya kiungo cha taya. Maelezo yake ya kwa nini hayakusimama, lakini fundisho lilibaki: rekebisha meno, kiungo kitatulia. Vizazi vya madaktari wa meno vimechonga kwa fundisho hilo.

Walipokuja kupima kwa takwimu, mambo yaliyobaki na uhusiano fulani na matatizo ya kiungo ni machache, nayo ni ya kupindukia: meno ya mbele yasiyofikiana kwa sababu ya umbile la mifupa, meno ya juu kujitokeza mbele kwa zaidi ya milimita 6 hadi 7, magego ya juu ya upande mmoja kuangukia ndani ya yale ya chini, magego matano au zaidi kukosekana, na taya kuteleza zaidi ya milimita 4 kutoka mahali linapokaa nyuma kabisa hadi meno yanapofungana. Haya yote kwa pamoja yalikadiriwa kuchangia asilimia 10 hadi 20 tu ya kinachotofautisha wagonjwa na wasio wagonjwa. Na baadhi yake yenyewe ni matokeo: kichwa cha taya kikilika, kinapungua urefu, magego yanatangulia kugongana, meno ya mbele yanaachana. Anayekuja kuangalia baadaye anaona meno yasiyokutana na kiungo kibovu, anageuza sababu kuwa matokeo na matokeo kuwa sababu.

Majaribio ya kuweka kizuizi kwa makusudi, yaani kitu kinachofanya jino moja litangulie kugusana, yapo pia. Napoli walibandika kipande chembamba cha dhahabu juu ya gego la watu wenye afya (yalichapishwa 2005). Kama fundisho la zamani lingekuwa kweli, misuli ingekaza. Ilitokea kinyume: msuli wa kutafunia ulifanya kazi kidogo zaidi mchana, kwa kuliepuka lile gego, na hakuna aliyepata ugonjwa wa taya. Ufini walipofanya jaribio la aina hiyo, waliosumbuka zaidi ni wale waliokwisha kuwa na historia ya maumivu ya taya. Kwa hiyo kizuizi kinamsumbua anayesumbuka tayari. Na mapitio ya Cochrane (mtandao unaochambua tafiti za tiba) ya mwaka 2003 kuhusu kuchonga meno hayakupata ushahidi kwamba kunatibu wala kuzuia matatizo haya.

Kuhusu pengo la 46, tuna data ya nyumbani. Utafiti uliofanywa Tanzania na kuchapishwa 2003 ulilinganisha watu 725 wenye safu pungufu za magego na 125 wenye safu kamili. Safu pungufu yenyewe haikuleta dalili za ugonjwa wa taya. Maumivu na milio ilionekana kuongezeka pale tu magego yote yanayokutana yalipokuwa yameisha, upande mmoja au pande zote mbili. Mgonjwa wako amekosa gego moja. Akitaka bandia kwa ajili ya kutafuna au kuzuia la 47 lisizidi kulala, sawa, lakini usimuuzie kama dawa ya mlio.

tabibu_wa_kata

Nashukuru sana wakuu. Jaribio la ukingo kwa ukingo nimelielewa. Ila ile alama nzito kwenye 27 inatoka wapi, kama haina maana?

magego_kumi_na_mbili

Ina maana, ila siyo ile unayodhani.

Kwanza karatasi. Zile nene za maikroni 200 (maikroni 1,000 ni milimita moja) zinachapa hata pale meno yasipogusana kabisa. Tumia ya maikroni 40, kausha meno kwa hewa au pamba kabla, maana kwenye mate rangi inateleza na kutoa alama zenye mikia. Na ukubwa wa alama haupimi nguvu. Doa pana kwenye uso bapa linaweza kuwa jepesi kuliko nukta ndogo kwenye ncha. Ukitaka kujua kama jino linagusana kweli, weka utepe wa chuma wa maikroni 8, mwambie ang'ate, vuta. Ukishikwa, yanagusana. Ukitoka, hayagusani hata kama karatasi imechora maua.

Pili, na hili ndilo kubwa: taya lenye misuli iliyokaza au kiungo kilichovimba halifungi pale linapofunga siku nyingine. Msuli wa ndani unaovuta taya mbele ukikaza upande wa kulia, taya linasogea kushoto, magego ya kulia hayafikiani vizuri, na chonge la kushoto linatangulia kugusa. Majimaji yakijaa kwenye kiungo cha kulia, kichwa cha taya kinashuka na magego ya kulia hayafikiani tena, uzito wote unahamia kushoto. Mng'atishe leo mara tatu, mrudishe baada ya wiki mbili, mng'atishe tena na ulinganishe. Alama zikihama, ulichokuwa unataka kuchonga ni picha ya msuli. Enameli kwenye ncha ya gego ni kama milimita 2 hadi 2.5, na haioti tena.

Wakati wa kulikamata jino mara moja ni huu: kijazo au krauni (kofia ya jino) iliyowekwa hivi karibuni na mgonjwa anasema "hili linatangulia". Mwamini. Meno yanahisi hata maikroni 20. Punguza kijazo chako, si jino la jirani. Lakini hapo unatibu jino linalouma au msuli uliochoka, hutibu tak.

Kuna pia mabadiliko ya ghafla ya mkutano wa meno ambayo ni ishara ya hatari. Kijana ameanguka na bodaboda akagonga kidevu, sasa magego ya upande mmoja yanatangulia na kidevu kinakwenda upande huo huo akifungua: fikiria shingo ya taya imevunjika upande huo, hata kama kidonda kiko kidevuni tu. Zikivunjika zote mbili, meno ya mbele yanaachana. Piga OPG (eksirei pana ya taya zima), mpeleke kwa wapasuaji wa taya. Mtu mzima ambaye meno ya mbele yameachana polepole kwa miezi, na viungo vya vidole vinauma asubuhi: fikiria baridi yabisi. Mzee wa zaidi ya miaka 50, taya linachoka akitafuna, kichwa kinauma upande mmoja, ngozi ya kichwani inauma akichana nywele: huyo ni wa siku hiyo hiyo hospitalini, kwa sababu uvimbe wa mishipa ya damu ya kichwa unaweza kumpofusha. Huyo hata usimng'atishe karatasi.

fundi_akriliki

Naona hakuna aliyetaja splinti, kile kifuniko cha meno cha akriliki (plastiki ngumu) cha kuvaa na kuvua. Kwa mgonjwa mwenye mlio NA maumivu, au anayesaga meno usiku, splinti ngumu ya safu nzima inasaidia kupumzisha misuli, na kazi hii maabara yoyote yenye akriliki inaiweza. Zinazoharibika zinaharibika sehemu zile zile:

Alijineti isikae. Mimina jiwe (plasta ngumu ya mfano wa meno) ndani ya dakika 10 hadi 15, la sivyo inakauka na kusinyaa. Plasta laini ya kujaribia usiitumie kwa mfano huu, ncha za meno zinasagika wakati wa kurekebisha.

Kipimo cha nta kichukuliwe magego yakiwa yameachana milimita 2. Daktari akituletea nta iliyong'atwa mpaka meno yamegusana, tunalazimika kuinua kwa kukisia kwenye chombo cha kushikia mifano, na splinti ikifika mdomoni inagusa magego ya nyuma peke yake.

Akriliki ya kupika: unga sehemu 3 kwa kimiminika sehemu 1, kwa ujazo. Pika nyuzi 74 za Selsiasi kwa saa 2, kisha nyuzi 100 kwa saa 1. Anayetia chupa (kile kikopo cha chuma chenye kalibu) kwenye maji yanayotokota moja kwa moja anapata akriliki yenye vitundu ndani, kwa sababu kimiminika chenyewe kinachemka karibu na nyuzi 100 kabla hakijashikana na unga. Ipoe mezani nusu saa kabla ya maji ya baridi. Ukiipoza ghafla inajipinda, na ikivaliwa inacheza kama meza yenye mguu mfupi. Iloweke kwenye maji saa 24 kabla ya kumkabidhi mgonjwa ili mabaki ya kimiminika yatoke.

Mdomoni: kila jino la chini liache nukta moja, nukta zote zifanane, uso uwe bapa bila mashimo ya kushikia ncha. Akisogeza taya pembeni, chonge peke yake ndilo liteleze kwenye mteremko na kuyaachanisha magego. Avae usiku. Arudi baada ya wiki moja au mbili, kwa sababu misuli ikilegea taya linakaa mahali pengine na nukta zinahama.

Zile laini za kuchemsha na kung'ata hazitoi mguso ulio sawa. Na zile ndogo zinazofunika meno ya mbele tu ni hatari zikivaliwa muda mrefu: magego yasiyoguswa yanaota kwenda juu, na siku akiitoa, meno ya mbele hayakutani tena. Hapo sasa umetengeneza tatizo la mkutano wa meno ambalo hakuwa nalo.

Kuosha ni maji ya baridi na mswaki laini. Maji ya moto yanaipinda.

chonge_33

Fundi, maelezo ya akriliki yamenyooka, lakini nipingane kidogo. Mgonjwa wa tabibu hana maumivu. Mwongozo uliochapishwa na BMJ (jarida la tiba la Uingereza) mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya taya uliweka mbele mazoezi, tiba ya mikono na tiba ya saikolojia ya kubadili fikra na tabia, na kwa splinti za kuvua ulishauri zisitumike, japo ushauri huo ni wa masharti. Splinti zinazobadilisha mkutano wa meno moja kwa moja ulizikataa kabisa. Kama hata kwa wenye maumivu msimamo ndio huo, kwa mlio mtupu sioni sababu.

Kuna splinti ya kuvuta taya mbele, ile inayokaa pale ambapo tak hupotea. Inaondoa mlio siku hiyo hiyo, ndiyo maana inauzika. Ikivaliwa mchana na usiku kwa miezi, magego hayarudi kukutana, na mgonjwa anaishia kwenye krauni au bresi ili kuziba uwazi. Akiiacha, mlio nao mara nyingi unarudi.

fundi_akriliki

Sipingi. Kwa anayesaga meno naitengeneza ili kulinda meno, mlio siahidi. Na kwenye fomu ya maabara daktari aandike sababu. "Splinti" peke yake haitoshi, nitakutengenezea ya aina gani?

bresi_na_waya

Kwa upande wa bresi, neno fupi. Bresi hazileti tak na haziitibu. Mtoto ambaye magego ya juu yameangukia ndani upande mmoja na taya linasogea pembeni akifunga, mrekebishe mapema kwa sababu ya ukuaji wa uso, siyo kwa kuogopa mlio. Mtu mzima mwenye maumivu ya taya asifungwe waya mpaka maumivu yatulie. Na kabla hujabandika hata braketi moja, andika kwenye faili: anafungua milimita ngapi, kuna mlio au hakuna, upande gani. Milio inaanza sana katika umri ule ule ambao watu wanafungwa bresi. Usipoandika, utaambiwa ni wewe uliyeileta.

mazoezi_ya_taya

Natibu upande wa misuli na viungo. Kituoni bila vifaa, haya yanatosha kuanza naye.

Mkao wa kupumzika: mwambie aseme "nnn" na aache ulimi pale pale ulipogusa, nyuma ya meno ya mbele ya juu. Midomo imefungwa, meno yameachana milimita 2 hadi 4. Wagonjwa wengi hawajui kwamba meno hayatakiwi kugusana muda wote, wanadhani ndivyo mdomo unavyofungwa. Abandike kipande cha plasta ya kidonda nyuma ya simu, na kila akikiona ajiulize: meno yanagusana? Yaachane.

Zoezi: ulimi ukiwa umebaki juu, afungue polepole mpaka ulimi unapotaka kuachia, kisha afunge. Ulimi ukishikilia juu, taya linazunguka tu bila kusonga mbele, kwa hiyo halifiki kwenye mlio. Mara sita kwa kila duru, duru sita kwa siku. Mbele ya kioo, kidevu kikienda kwenye mstari mmoja. Akisikia tak, amefungua kupita.

Mlio wenyewe asiuchezee. Wapo wanaojaribu kila saa kama bado upo, au wanaowaonyesha wenzao. Kila jaribio ni kuruka kwingine juu ya diski ile ile.

Chakula kwa wiki mbili hadi nne: akate vipande vidogo, atafune pande zote mbili. Aache miwa, ukoko, muhogo mkavu, mahindi ya kuchoma ya kung'ata kwenye gunzi, bigijii na barafu. Kama anatafuna miraa, hapo ndipo pa kuanzia kabla ya lolote, kwa sababu saa nne za kutafuna na kulimbika shavu moja hakuna zoezi linaloshindana nazo. Akipiga miayo, aweke ngumi chini ya kidevu.

Kama kuna maumivu ya misuli, taulo la maji ya moto dakika 15 hadi 20 kabla ya mazoezi. Ibuprofeni miligramu 400 mara tatu kwa siku kwa siku chache baada ya chakula, isipokuwa mjamzito, mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo.

Na umwambie jambo hili waziwazi: mlio ukipotea ghafla na mdomo ukagoma kufunguka, hajapona. Diski imekwama mbele na hairudi tena. Atafungua kama milimita 25 hadi 30, kidevu kitaelekea kulia na kubaki huko huko. Asikae nyumbani wiki tatu akisubiri. Mapema hivyo, mtaalamu anaweza kuirudisha kwa mkono: kidole gumba juu ya magego ya chini ya upande uliokwama, kubonyeza chini na kuvuta mbele kwa sekunde 20 hadi 30. Ikishindikana, wapasuaji wa taya wanaosha kiungo kwa sindano mbili. Kadiri siku zinavyopita ndivyo kurudisha kwa mkono kunavyozidi kuwa kugumu.

tabibu_wa_kata

Wakuu mmenisaidia mno. Nimemwita Alhamisi: jaribio la ukingo kwa ukingo, kubonyeza kwa nusu kilo na kilo moja, zoezi la ulimi, na simchongi. La mwisho tu: ile 44 niliyopima ni ukingo kwa ukingo. Ndiyo naandika, au kuna cha kuongeza?

chonge_33

Ongeza kiasi ambacho meno ya juu yanafunika ya chini akiwa amefunga. Mwambie afunge, chora mstari mdogo wa penseli kwenye jino la chini pale ukingo wa la juu unapoishia, afungue, pima kutoka mstari hadi ukingo wa jino la chini. Kama ni 3, andika 47. Kikomo cha 40 nilichotaja kinahesabiwa hivyo, pamoja na ule ufuniko. Ukimpata ambaye meno yake ya mbele hayafikiani, toa ule uwazi badala ya kujumlisha. Na tumia jino lile lile kila akirudi. Liandike namba, 11 na 41 kwa mfano, maana mwenzako wa zamu ya pili akipimia 21 mtabishana kuhusu milimita mbili ambazo hazipo.